EGR na DPF za pikapu ya dizeli: kusafisha, kubadilisha au kuziba?

Pikapu ikianza kulala mlimani, moshi mweusi ukatoka na taa ya injini ikawaka, gereji nyingi zina majibu matatu tayari: tusafishe, tubadilishe, au tuzibe. Kila jibu lina mahali pake, lakini kabla ya kulichagua kuna swali ambalo huwa haliulizwi. Kilichoziba ni masizi au ni majivu, na kimetoka wapi? Masizi huungua, na hubanduka kwa dawa. Majivu hayaungui hata ukiendesha kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma bila kupumzika. Tena masizi yanayotoka kwenye nozeli (kinyunyizio cha dizeli) mbovu yatarudi baada ya wiki chache, hata kama uliyasafisha kwa ustadi wa namna gani.

Tumeijenga kazi hii juu ya Toyota Hilux kwa sababu ndiyo wengi wanayo, ingawa mantiki ni ileile kwa Ranger, D-Max na Navara. Hilux Vigo ya 2005 hadi 2015, yenye injini ya 1KD ya lita 3.0 au 2KD ya lita 2.5, ina EGR, yaani vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Nyingi za soko la Afrika hazina DPF, lile chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Hilux iliyofuata, Revo, yenye 1GD ya lita 2.8 au 2GD ya lita 2.4, hutegemea ilitengenezewa soko gani. Iliyouzwa Japani tangu 2017 ina EGR, DPF na tangi la AdBlue, maji ya urea ya kusafishia moshi, na Prado za dizeli zilizotumika zinazoletwa kutoka huko ziko vivyo hivyo. Usibahatishe: ingia chini ya gari. Ukiona kopo nene kwenye bomba la moshi, likitoka vijibomba viwili vyembamba kwenda kwenye sensa ndogo, hiyo ni DPF. Ukiona kifuniko cha buluu karibu na cha dizeli, una AdBlue.

Vipimo kabla ya spana

Kidude cha OBD cha bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, na programu ya simu vinatosha kwa hatua ya kwanza. Kodi, yaani namba za hitilafu, za P0400 hadi P0405 zinahusu EGR: P0401 ina maana moshi unaorudi ni mdogo mno, P0402 ni mwingi mno, P0403 ni tatizo la umeme. P2463 ni masizi kujaa kwenye DPF, P242F ni majivu kujaa. P2002 inasema DPF haichuji ipasavyo, na P2452 inahusu saketi ya sensa yake ya presha. Kodi peke yake haitoshi kununua spea. P0401 inaweza kuwa njia iliyoziba, bomba la vakyumu lililopasuka, au sensa ya hewa chafu inayodanganya kompyuta.

Kwa EGR, kipimo kizuri kuliko vyote ni gramu za hewa kwa sekunde zinazosomwa na MAF, sensa ya hewa iliyo baada ya chujio la hewa. Injini ya lita 3.0 ikiwa ya moto, ikizunguka mara 750 kwa dakika na EGR imefungwa, huvuta takribani gramu 17 hadi 20 kwa sekunde ukiwa pwani. Nairobi au Mbeya, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, toa kama moja ya sita. EGR ikifunguka, namba hiyo lazima ishuke waziwazi, kwa kuwa moshi umechukua nafasi ya hewa safi. Haishuki kabisa? Njia imeziba au vali haifunguki. Iko chini muda wote, hata kompyuta inapoamuru vali ifungwe? Vali imekwama wazi, na hiyo ndiyo inayoleta moshi mweusi na gari zito. Kwenye vali ya vakyumu unaweza kujaribu kwa pampu ya mkono: vuta vakyumu, tazama namba, achia, tazama tena.

Kwa DPF, soma presha kabla na baada ya chujio. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, tofauti iwe sifuri. Ikionyesha kitu kingine, shughulika na sensa kwanza. Injini ikiwa ya moto na gari limesimama, DPF yenye afya huonyesha chini ya kilopaskali 1 kwenye mzunguko wa kawaida, na karibu 3 ukishikilia mizunguko 2,500. Tofauti ikipanda juu sana ya hapo, imejaa. Ikikaa sifuri hata ukikanyaga mafuta, kijibomba kimechomoka au kimeziba, au DPF ilishatobolewa na mmiliki aliyekutangulia. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya ncha ya bomba la moshi pia. Gari lenye DPF nzima huacha alama hafifu tu. Kitambaa kikitoka cheusi tititi, chujio limepasuka, na hakuna kuosha kutakakolirudisha.

EGR: dawa ya kupuliza, kufungua, au vali mpya

Kopo la dawa linalopulizwa kwenye njia ya hewa injini ikiwa inaunguruma ndilo linalovutia zaidi, kwa sababu kazi ni ya dakika 15 na hakuna nati inayofunguliwa. Kwa vali yenye masizi membamba na makavu linaweza kusaidia. Kwa Vigo yenye kilomita 200,000, ambayo inteki yake (njia ya hewa kuingia kwenye silinda) imejaa tope jeusi, hatulipendekezi. Tope lile ni masizi ya EGR yaliyochanganyika na mvuke wa oili kutoka kwenye bomba la kupumulia injini. Dawa hulilainisha, likabanduka mapande mapande na kuingia kwenye silinda. Kubwa zaidi, dizeli haina plagi za cheche: chochote kinachowaka kikiingia na hewa ni mafuta kwake. Ukipuliza kwa wingi, au dawa ikituama kwenye inteki kisha ikanyonywa yote kwa mara moja, injini inaweza kupaa mizunguko bila wewe kukanyaga, na kuzima swichi hakutaisimamisha. Kama lazima uitumie, nunua iliyoandikwa kuwa ni ya dizeli, puliza kwa vipindi vya sekunde moja moja, na uwe na msaidizi mwenye ubao wa kuziba mdomo wa hewa.

Kufungua na kusafisha kwa mkono ndiyo njia tunayoiona kuwa bora kwa wengi. Inahitaji asubuhi moja na vitu vichache: soketi za 10, 12 na 14, makopo mawili ya dawa ya kabureta, lita mbili za mafuta ya taa, brashi za meno, kijiti cha mti au plastiki ngumu, glavu, miwani, barakoa, na gasketi mpya za pande zote mbili za vali. Gasketi nunua kabla ya kuanza. Ya chuma ikishabanwa mara moja haizibi tena vizuri, na moshi unaovuja hapo utakurudisha kwenye kodi ileile.

Injini iwe imepoa kabisa. Chomoa waya wa hasi wa betri. Piga picha za mabomba ya vakyumu na soketi za umeme kabla ya kuchomoa chochote. Mabomba mawili yakibadilishana nafasi, utatafuta hitilafu siku nzima. Fungua bomba la hewa linalotoka kwenye intakula (kipozeo cha hewa), halafu nati na bolti zinazoshika vali na bomba lake la moshi. Bolti zilizo upande wa moshi huwa zimeshika kutu: zipulizie mafuta ya kulegeza usiku uliotangulia, na ukihisi inajikunja kabla ya kulegea, irudishe kidogo, puliza tena, subiri. Bolti iliyokatikia ndani ya aluminiamu inageuza kazi ya asubuhi kuwa ya siku mbili.

Vali ikiwa mkononi, tenganisha sehemu ya umeme au dayaframu ya vakyumu kama inatenganishika. Kama haitenganishiki, simamisha vali ili upande wa masizi tu ndio uingie kwenye mafuta ya taa. Mota ikilowa, umenunua vali mpya. Loweka saa mbili au tatu, sugua, pulizia dawa, rudia. Usitumie dawa ya kusafishia oveni wala kostiksoda: vinakula aluminiamu, na utaona inatoa mapovu na kubadilika rangi ya kijivu. Usitumie bisibisi kwenye kiti cha vali. Mkwaruzo mmoja pale unatosha kuifanya vali ivuje milele.

Kipimo cha kazi nzuri ni hiki: vali ikiwa imefungwa, mimina thina kidogo juu ya kiti na uhesabu dakika moja. Unyevunyevu hafifu upande wa pili unavumilika. Ikidondoka, kiti bado kichafu au kimelika. Kisha bonyeza kijiti cha vali kwa mkono: kishuke na kurudi laini, bila kukwama popote. Wakati wa kurudisha, kaza kwa mkono kwanza, halafu kwa zamu ya mshazari. Bolti za M8 kwenye aluminiamu kwa kawaida hazihitaji zaidi ya takribani Nm 20, na wengi huzivunja kwa kuzikaza kama za gurudumu.

Vali mpya ina maana katika hali tatu: mota yake imekufa (P0403 inarudi na nyaya ni nzima), kiti kimelika, au kijiti kinapwaya. Nje ya hapo unanunua kitu ambacho mafuta ya taa yangekurudishia. Tahadhari kwa zile za bei ya chini sana: sensa ya nafasi ndani yake mara nyingi haisomi sawa na ya asili, na kompyuta inaona vali iko wazi wakati imefungwa. Baada ya kuweka mpya, baadhi ya magari hujifunza nafasi ya kufunga yenyewe ukiwasha swichi bila kupiga stata, ukasubiri na kuzima; mengine yanahitaji mashine ya kupimia. Uliza kabla ya kulipa.

Kuna kipozeo cha EGR pia, kile kinachopitisha moshi katikati ya maji ya rejeta. Hiki ukishakuta kinavuja, kusafisha hakuna faida, badilisha. Dalili ni kulanti kupungua bila tone chini ya gari, na mvuke mweupe wenye harufu tamu. Pampu mfumo wa maji hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta, kwa kawaida karibu bar 1, acha saa moja, kisha angalia kama mdomo wa bomba la EGR umelowa.

Kuziba EGR kwa bati

Tuseme ukweli wote. Ukiziba EGR, masizi hayaingii tena kwenye inteki, na injini ya 1KD hupumua hewa safi zaidi. Ndiyo sababu mafundi wanaipenda. Ila EGR iliwekwa kwa kazi maalumu: moshi unaorudi hupunguza oksijeni na kushusha joto la mwako, na gesi za oksidi za nitrojeni zinazochoma mapafu huzaliwa kwenye joto kubwa. Ukiziba, gesi hizo zinapanda, na zinatoka kwenye urefu wa pua ya mtoto anayesubiri daladala.

Upande wa gari nao si rahisi kama bati lenyewe. Kompyuta inaagiza EGR ifunguke, inatazama MAF, inaona hewa haijashuka, inaandika P0401 na kuwasha taa. Ndipo huja bati lenye tundu dogo, halafu mtu wa kubadilisha programu ya kompyuta, na kila hatua inaongeza gharama na kupunguza uhakika. Marekani sheria ya hewa safi inakataza kuondoa au kulemaza vifaa hivi. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililokuja na DPF likikutwa halina, linafeli ukaguzi wa mwaka. Ukiwa na mpango wa kuliuza gari au kulivusha mpaka, bati hilo linaweza kukugeukia.

Kama lengo ni kupunguza tope la inteki, kuna njia ya kati tunayoipendelea: kopo la kunasa mvuke wa oili kwenye bomba la kupumulia injini. Bila oili, masizi hubaki makavu na hupita. Ni oili inayoyafanya yagande. Kopo liwe na chujio ndani na vali ya usalama, si chupa tupu yenye matundu mawili, na limwagwe kila ukibadilisha oili ya injini.

Inteki yenyewe ikishajaa, ing'oe. Usiikwangue ikiwa juu ya injini, hata kama umeingiza kitambaa kwenye matundu. Kipande kimoja cha masizi magumu kikikaa kwenye kiti cha vali ya silinda, utapoteza kompresheni. Tenga siku nzima, nunua gasketi za inteki na za koo la hewa, loweka usiku kucha, na kausha kabisa kwa upepo kabla ya kurudisha.

DPF: njia tano, na kila moja ina mpaka wake

| Njia | Huondoa | Haiondoi | Hatari |
|---|---|---|---|
| Safari ndefu | masizi mepesi | majivu | ndogo |
| Kuchoma kwa mashine | masizi ya wastani | majivu | moto. Chujio kupasuka |
| Dawa kupitia tundu la sensa | masizi | majivu mengi | dawa inayowaka kubaki ndani |
| Kufungua na kuosha | masizi na majivu mengi | nyufa | kukata sensa za joto |
| DPF mpya | vyote | chanzo cha tatizo | gharama |

Ndani ya DPF kuna vijia vyembamba vilivyozibwa upande mmoja mmoja kwa kupishana, moshi ukalazimika kupenya ukuta wa vinyweleo. Masizi hubaki. Joto likifika karibu nyuzi 600, yanaungua. Kompyuta hulipandisha kwa kuongeza dizeli: magari mengi hupiga sindano ya ziada ndani ya silinda, ila Hilux ya GD ina sindano ya tano, yaani nozeli ya ziada, kwenye bomba la moshi. Tofauti hii ina uzito. Kwenye gari la sindano ya silinda, uchomaji unaokatizwa kila mara humwaga dizeli kwenye oili, na kijiti cha oili kinaonyesha kiwango kinapanda. Ukikuta kimepita alama ya juu, badilisha oili leo. Kwenye GD, tatizo la kawaida ni ncha ya sindano ya tano kuziba kwa masizi, ukaona moshi mweupe mzito wakati wa kuchoma na uchomaji usimalizike. Hapo anza na sindano hiyo kabla ya kugusa DPF.

Safari ndefu ndiyo ya kwanza kujaribu taa ya DPF ikiwaka bila kumetameta. Hakikisha dizeli iko juu ya robo tangi, maana magari mengi hukataa kuchoma taa ya mafuta ikiwa imewaka. Injini ikishapata joto, shika mwendo wa 70 hadi 90 kwa dakika 25 au 30, gia ikiwa ya chini kidogo ili mizunguko ikae juu ya 2,000. Usizime katikati. Gari linaloishi kwenye foleni ya Mombasa Road au Mandela linahitaji safari ya aina hii mara kwa mara, na kama huwezi kuitoa, jiulize kama dizeli yenye DPF ndilo gari la kazi yako.

Kuchoma kwa mashine gari likiwa limesimama huchukua dakika 20 hadi 40. Egesha juu ya zege au changarawe, kamwe si juu ya nyasi kavu, na bomba la moshi liwe mbali na ukuta na watu. Weka kizima moto karibu. Usiifanye ndani ya gereji iliyofungwa. Mashine ikionyesha masizi yamepita kiwango kinachoruhusiwa, kompyuta itakataa. Usimruhusu mtu ailazimishe kwa kufuta namba. Masizi mengi yakishika moto kwa pamoja, joto hupita uwezo wa chujio na kulipasua au kuliyeyusha katikati. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kugeuza kazi ya kuosha kuwa kazi ya kununua.

Dawa ya kupitia tundu la sensa tunaiweka chini ya zote mbili. Inafaa pale tu gari limekataa kuchoma kwa sababu masizi yamezidi kidogo, na unataka kuyashusha hadi mashine ikubali. Tumia iliyo ya maji. Petroli au thina ndani ya DPF ni hatari tupu: inabaki kwenye vinyweleo, na joto likipanda inawaka.

Kufungua na kuosha ndiyo njia pekee ya nyumbani inayotoa majivu. Fikiria hatua hii gari likiwa limepita kilomita 150,000, au uchomaji ukikamilika vizuri lakini presha haishuki. Inua gari juu ya stendi, si jeki peke yake. Loweka nati zote kwa mafuta ya kulegeza kuanzia jana yake. Sensa za joto ndizo zinazovunjika: zifungue injini ikiwa vuguvugu, kwa spana inayokumbatia nati pande zote. Ikikataa, bora uiache ndani na uchomoe soketi ya waya tu.

Pima uzito wa DPF ikiwa kavu kabla ya kuosha, na uandike. Ingiza maji kutoka upande wa kutokea moshi, ili yasukume uchafu kurudi ulikotoka. Presha ya bomba la bustani inatosha; mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu huvunja kuta. Loweka kwa dawa ya maji iliyotengenezwa kwa DPF kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, suuza, rudia hadi maji yatoke meupe. Asidi ya betri na kostiksoda, ambazo wengine huzisifia, huharibu mipako ya madini inayosaidia masizi kuungua. Maji yanayotoka yana chembe za metali. Yakusanye kwenye ndoo, acha yatuame, na usiyamwage mtaroni wala shambani. Simamisha DPF juani siku mbili, malizia kwa upepo wa presha ya chini, kisha pima tena. Uzito usiposhuka hata kidogo, hukutoa majivu, na kuirudisha ni kupoteza gasketi.

DPF mpya ni ghali kwa sababu ndani yake kuna platina na paladi. Hizo za bei nusu mara nyingi zimepakwa kidogo, zinahitaji joto kubwa zaidi kuungua, na hujaa mapema. Ukibadilisha, lazima hesabu ya majivu kwenye kompyuta ianzishwe upya, la sivyo gari litaendelea kuamini lina chujio kuukuu.

Kuna kutoboa pia, kukata kopo na kutoa kilicho ndani. Hatushauri. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Na kwa gari lenyewe, kutoboa kunaficha chanzo: nozeli inayomwaga au tabo (pampu ya kusukuma hewa kwenye injini) inayopitisha oili inaendelea kuharibu injini, na sasa huna cha kukuonya.

Chanzo: nozeli, oili na dizeli

Kabla ya kulipia njia yoyote ya hapo juu kwenye 1KD au 2KD, fungua kifuniko cha oili na umulike tochi. Injini hizi zina ugonjwa unaofahamika: washa (pete ndogo za kuzibia) chini ya nozeli huvujisha gesi ya mwako, oili inageuka lami, na chujio la kunyonyea oili kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) linaziba. Ukiona ukoko mweusi mgumu, acha EGR, shughulika na washa hizo na ufungue sampu. Kwa nozeli zenyewe, soma masahihisho ya kila silinda injini ikiwa ya moto. Inayopita 3 ya kuongeza au kupunguza, kwa milimita za ujazo kwa kila mpigo, ni ya kupelekwa kwenye benchi ya kupimia nozeli.

Oili ndiyo inayoleta majivu, kwa hiyo kwa gari lenye DPF uchaguzi wake una uzito kuliko dawa zote. Tafuta kwenye galoni alama ya kiwango ya JASO DL-1 au ACEA C2 au C3. DL-1 inaruhusu majivu yasiyozidi asilimia 0.6, C3 ni asilimia 0.8. Oili ya malori ya API CI-4, ambayo iko kila duka na ni nafuu, kwa kawaida hupita asilimia 1. Kwa Vigo isiyo na DPF ni sawa kabisa. Kwa Revo yenye DPF inakata maisha ya chujio.

Dizeli nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye kiwango cha salfa cha 50 ppm mwaka 2015. Kinachobaki ni unakonunua. Dizeli ya madumu kando ya barabara, iliyochanganywa na mafuta ya taa, hulainisha nozeli vibaya, na nozeli zikilika masizi yanaanza.

Sensa zichukue dakika 20 kila unapobadilisha chujio la hewa. MAF isafishwe kwa dawa yake maalumu tu, bila kugusa waya wake. Dawa ya kabureta inaiua. Vijibomba vya sensa ya DPF vichomolewe kwenye sensa kwanza, ndipo upulize upepo kuelekea kwenye DPF. Ukipuliza kuelekea sensa, umeipasua.

AdBlue haihitaji ufundi mwingi, inahitaji kuheshimiwa. Ni urea asilimia 32.5 na maji safi, na usitengeneze mwenyewe kwa urea ya shambani. Kwenye joto la nyuzi 30 hukaa takribani miezi 12, kwenye 35 miezi 6 tu, kwa hiyo galoni lililokaa juani Mombasa au Tanga halifai hata kama lakiri haijakatwa. Ikimwagika, suuza kwa maji kabla fuwele nyeupe hazijala nyaya.

Ukikwama kwenye uchaguzi

Vigo yenye P0401, inayotumia oili kawaida na isiyo na lami juu ya nozeli: fungua EGR na uisafishe, weka gasketi mpya, usinunue vali. Vigo yenye moshi mweusi na lami kwenye oili: nozeli na washa kwanza, EGR baadaye. Revo au Ranger yenye taa ya DPF na kilomita 60,000 za mjini: safari ndefu, kisha mashine, halafu oili sahihi. Yenye kilomita 200,000 na historia ya oili ya malori: ng'oa, pima, osha, pima tena. Yenye kitambaa cheusi kwenye ncha ya bomba: DPF mpya, ila nozeli zipelekwe benchi kabla hujaiweka.

Kazi ikiisha, futa kodi, endesha kilomita 50 zenye mlima na tambarare, kisha soma tena gramu za MAF na presha ya DPF na uziandike kwenye daftari la gari pamoja na kilomita. Soma tena baada ya kilomita 500. Namba zikiwa zimekaa palepale, chanzo kimepatikana. Zikiwa zimeanza kurudi kule zilikotoka, rudi kwenye nozeli na tabo kabla hujanunua kopo jingine la dawa.